Meza Yenye Unyevu

Jumatatu, 2 Machi

Nimemficha binti yangu mambo mawili. Leo mvua za kwanza zinagonga bati, nami nayaandika kabla sijapata sababu nyingine ya kuahirisha.

La kwanza ni la aibu tu. Yale matembezi ya asubuhi ninayomwambia ni ya kunyoosha miguu hayafiki mbali. Yanaishia nyuma ya duka la kinyozi, kwenye ukumbi wa mwanamke tunayemwita Mama Meza, na huko nacheza pool. Nina miaka sabini na minane. Nilikuwa mkaguzi wa shule, na enzi za kazi niliwahi kuwatoa wanafunzi kwenye kumbi kama ule huku nimewashika masikio.

La pili si la aibu tu. Mwezi uliopita daktari bingwa wa upasuaji, yule anayekuja kwenye hospitali yetu mara tatu tu kwa mwaka, alinionyesha picha ya tumbo langu. Mshipa mkubwa wa damu umevimba. Alisema kwa upole, kama anayezungumza na mzazi wake, "Mzee, huu tukiuacha utapasuka. Nitarudi mwezi wa tano. Nikirudi nitakupasua, na nina matumaini nawe. Mpaka siku hiyo usinyanyue kizito, usijikaze." Binti yangu alikuwa kwenye benchi nje. Nilipotoka nilimwambia daktari amesema umri wangu hauruhusu kisu. Alilia palepale mbele ya wagonjwa wengine, mkoba wangu kifuani mwake. Tangu siku hiyo anatafuta daktari mwingine ambaye atakubali.

Daktari hakunikataa. Mimi ndiye niliyemkataa daktari. Nimejipa sababu nyingi, nazo zinasikika vizuri zikisemwa kwa sauti: umri, kutomchosha mwanangu, heshima ya kufa kitandani pangu. Sina hakika hata na moja.

Jumatano, 4 Machi

Ukumbi una meza moja. Kitambaa chake cha kijani kimechanika katikati na Mama Meza amekiziba kwa plasta, ile ya kubandika kwenye kidonda, kwa hiyo mpira ukipita hapo huruka kidogo kama mtu aliyekanyaga jiwe. Meza yenyewe imeinama upande wa dirisha. Bati linavuja kati ya meza na mlango, pamewekwa beseni, na kila siku kuna anayeingiza mguu humo.

Anayenikaribisha ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, dereva wa treni mstaafu. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Hucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Kwa muda wote niliomjua nimemhesabu kuwa mpumbavu, na mke wangu alikuwa akiniambia, "Mvumilie tu, ndiye kaka niliyepewa."

Nilimkuta huko mwezi wa pili, siku nilipoingia kujikinga manyunyu.

"Mkaguzi," alisema, "umekuja kukagua au kucheza?"

"Nimekuja kujikinga mvua."

"Basi jikinge ukiwa na fimbo mkononi. Mvua ya hapa huwachagua waliosimama bure."

Tangu siku hiyo naenda. Sijawahi kushinda.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua kutwa. Sikutoka. Binti amempigia simu daktari wa mji mwingine; nilikuwa naisikia sauti yake jikoni ikishuka, ikishuka.

Alhamisi, 12 Machi

Nikijiandikia taarifa kama nilivyokuwa nikiwaandikia walimu, ningesema: anajitahidi, usikivu wa wastani, hupenda kulaumu meza.

Tatizo langu la kwanza ni mkono wa kushoto, ule unaobeba ncha ya fimbo. Unatetemeka. Nilikuwa nikiuinua kwa vidole kama buibui, nao ukicheza, fimbo inacheza. Sasa naulaza wote, kiganja chini, kidole gumba kimeinuka kidogo tu na fimbo inapita kwenye bonde lake. Mtetemeko haujaisha ila hauna pa kwenda. La pili, nilikuwa nikivuta fimbo nyuma sana kama mtu anayetwanga. Nimeufupisha mkwaju. Mpira hauendi mbali, lakini unakwenda ninakotaka.

La tatu ndilo lililonichukua muda kulitambua. Nilikuwa nautazama mpira ninaotaka kuutumbukiza. Unaotakiwa kutazamwa ni mweupe: ukishagonga utasimama wapi. Kutumbukiza mmoja halafu mweupe ukakwama ukingoni ni sawa na kupanda basi lisilokwenda kwenu.

Mkwaju wa kufungua, ule wa kuzitawanya rangi zote mwanzoni, siupigi. Unataka nguvu ya kiuno. Nilimwambia shemeji mgongo unaniuma. Alikubali kufungua kila mchezo bila kuuliza, jambo lililonishangaza, maana yeye huuliza hata bei ya soksi za watu.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimegundua kitu na sikupata usingizi wa mchana kwa furaha.

Nilikuwa nikiitumbukiza mipira yangu ya njano haraka haraka, ile rahisi kwanza, na kila mara nikifika kwenye mweusi, ule wa mwisho unaoamua mshindi, nashindwa. Nilidhani ni bahati. Leo nimeketi kwenye benchi nikamtazama shemeji akicheza na kinyozi, nikaona. Ukimaliza mipira yako mapema, meza inabaki imejaa ya mwenzako. Yake inakuzibia njia, yako haimzibii kitu, kwa sababu imekwisha. Umejivua nguo mwenyewe.

Kwa hiyo nisiwe na haraka. Mpira wangu uliokaa mdomoni mwa tundu niuache hapohapo. Ni mlinzi, na tundu lile limekuwa langu. Nisipokuwa na pa kutumbukiza, nisipige kwa kubahatisha, niufiche mweupe nyuma ya mmoja wangu ili shemeji asione pa kupita. Nilicheza hivyo mchezo mzima. Nilishindwa, lakini ulichukua muda mrefu kupita michezo yote.

"Huu si mchezo," alisema shemeji, ameiegemeza fimbo begani. "Huu ni mgomo."

Mama Meza alikuwa anakausha glasi. "Mzee anacheza kama karani wa ofisi kubwa," alisema. "Hakupi, hakunyimi, anakwambia njoo kesho."

Walicheka wote hadi kinyozi akaliingiza guu kwenye beseni.

Jumanne, 24 Machi

Nimeshindwa. Mvua.

Jumatano, 25 Machi

Nimeshindwa. Mvua. Shemeji alitaka kunifundisha kupiga kwa kishindo. Nilimwambia kila mtu na treni yake.

Jumanne, 7 Aprili

Binti yangu ni msimamizi wa ghala la mbao. Hurudi jioni na vumbi la msumeno kwenye nyusi, hanawi mpaka anipangie vidonge. Leo alichukua ruhusa, akabeba picha za tumbo langu, akapanda basi la alfajiri kwenda hospitali kubwa. Alirudi saa moja usiku, viatu mkononi.

"Wamesema kazi hii inafanywa na mtu mmoja tu, Baba. Yule yule bingwa anayekuja kwetu. Wengine wote wananielekeza kwake."

"Basi tumwachie Mungu, mwanangu."

"Simwachii mtu. Akija mwezi wa tano nitamwendea. Nitampigia magoti kama ni lazima. Atanieleza usoni kwa nini baba yangu hastahili."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, nami nilisema chai imepoa.

Alhamisi, 16 Aprili

Unyevu umeingia kwenye kitambaa cha meza. Mipira inakimbia nusu ya ilivyokuwa ikikimbia na kusimama kama imesahau ilikokuwa ikienda. Mkwaju wangu wa taratibu, ulioanza kunipendeza, haufiki. Siwezi kuongeza nguvu. Kwa hiyo nimebadili akili: nautumia ule mteremko wa dirishani. Nikiuelekeza mpira juu kidogo ya tundu, mwinamo wa meza wenyewe unaushusha. Shemeji anaendelea kupiga kwa kishindo, mipira inagonga midomo ya matundu na kurudi.

Leo nimeshinda. Mara ya kwanza.

Shemeji alinishika mkono wa kulia akauinua. "Andikeni," aliuambia ukumbi wote, watu watatu. "Dereva amepigwa na abiria."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa na sikujali. Binti aliuliza mbona natabasamu. Nilimwambia nimemkumbuka mama yake, na kwa kweli nilikuwa nimemkumbuka.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo tumbo limeniuma nikiwa mezani. Si maumivu ya kawaida; yalianza mgongoni yakazunguka mbele, nikaona giza pembeni mwa macho. Nilijishikilia ukingoni nikasubiri.

Shemeji alikuja bila kelele. Sikujua kuwa anaweza. Alinikalisha kwenye benchi, akanifungua vifungo vya juu, akakaa pembeni ya magoti yangu amenishika kifundo cha mkono kama anayehesabu mapigo, ingawa hajui kuhesabu mapigo. Hakutoa kichekesho hata kimoja. Yalipopita alisema polepole, "Twende kwa binti yako tumwambie."

"Usimwambie. Ana mengi."

"Shemeji."

"Nakuomba."

Alivifunga tena vifungo vyangu. "Dada yangu angeniua," alisema, kisha akanisindikiza hadi kona ya nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma. Ndipo nilipotambua kwamba hutembea nyuma yangu kila siku kwenye ngazi zenye utelezi za kutoka ukumbini. Ananisubiri niteleze. Anafanya hivyo tangu mwezi wa tatu na nilikuwa nikidhani ni uvivu.

Jumatatu, 4 Mei

Nimeshinda michezo miwili kati ya mitatu. Sitaji kwa majivuno. Nataja kwa sababu sasa najua kilichobadilika. Sipigi tena kushinda. Napiga ili mwenzangu asipate. Anachoka, anakata tamaa, anakosea, nami naokota. Shemeji anasema kucheza nami ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo unasikia watu ndani.

Jumanne, 12 Mei

Amejua.

Daktari bingwa amefika jana, na leo binti yangu aliondoka ghalani saa ya chakula akamwendea. Hakupiga magoti. Hakuhitaji. Daktari alifungua faili akasema, "Huyu mzee? Nilimwambia aje. Namsubiri."

Alipoingia nyumbani hakuvua viatu. Alisimama mlangoni mwa chumba changu.

"Baba, alikukataa?"

Nilivuta shuka miguuni.

"Nakuuliza wewe mtu uliyekuwa unapita darasani kwetu kutuuliza maswali. Alikukataa?"

"Hapana."

"Hapana." Alilirudia neno kama analipima uzito. Aliketi kwenye kiti cha nguo, juu ya mashati yangu yaliyopigwa pasi. "Nimepanda mabasi. Nimewachukia watu ambao hawakufanya kitu. Nimemlaani yule daktari kwenye sala, Baba, kwa jina lake. Kwa nini?"

Nilimpa sababu moja, ile ya umri. Akaisikiliza. Nikampa ya pili. Ya tatu nilipoianza aliinua mkono.

"Sawa. Sitaki kugombana na wewe. Anafunga orodha yake Ijumaa saa sita mchana. Atapasua Jumamosi na Jumapili, Jumatatu anaondoka, harudi mpaka mwezi wa kumi na moja. Anasema mshipa hauwezi kufika mwezi wa kumi na moja. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Niapie."

"Nitakwenda, mwanangu."

Ijumaa wanahesabu mbao zote ghalani, wakaguzi wa kampuni watakuwepo, hawezi kutoka. Alimpigia mjomba wake mbele yangu, simu ikiwa na sauti ya nje. "Mjomba, nakuachia wewe. Umchukue asubuhi, umfikishe, usimwache mpaka wamlaze."

"Mama," sauti ya treni ilisema, "mimi maisha yangu yote nimewafikisha watu kwa wakati. Huyu ni mmoja tu."

Nimekubali. Usiku huu nahisi mwepesi. Nadhani nataka kuishi.

Alhamisi, 14 Mei

Begi limefungwa: nguo mbili za kulalia, taulo, miwani ya pili. Binti aliweka na picha ya mama yake, kisha akaitoa, kisha akairudisha. Jua tangu jana.

Ijumaa, 15 Mei

Tumechelewa. Shemeji alikuja mapema, tukapitia kwa Mama Meza kucheza mchezo mmoja wa kuagana. Meza ilikuwa nzito kwa unyevu, mchezo ukakataa kwisha, na shemeji hapendi kuacha mchezo katikati. Tulipofika hospitali karani wa mapokezi alitutazama kwa huruma. "Orodha imefungwa, mzee. Daktari ameuliza mara mbili habari zako. Sasa yuko ndani anawapima wa kesho, na wodi imejaa."

Binti alitukuta kwenye benchi lilelile. Nilimwambia mambo yalivyokuwa. Alisikiliza mpaka neno pool.

"Pool," alisema. "Mlikuwa mnacheza pool." Kisha akageuka, si kwangu. "Mjomba. Nilikuachia wewe."

Nilisema mjomba wake hapendi kuacha mchezo katikati.

Shemeji alinitazama. Sijui kama nimewahi kutazamwa hivyo. Halafu alivua kofia akaishika kwa mikono miwili mbele ya binti wa dada yake. "Ni kweli, mama," alisema. "Nimefanya uzembe. Nisamehe."

"Usije nyumbani kwangu," alimwambia.

Jumatatu, 18 Mei

Daktari ameondoka. Juzi binti alimsubiri langoni akamwomba. Naye daktari aliniongeza jana jioni kwenye orodha, lakini umeme ulikatika na jenereta ilitosha wodi moja tu. Hakuna wa kulaumiwa kwa umeme.

Jumanne, 19 Mei

Shemeji alikuja. Akarudishwa.

Alhamisi, 21 Mei

Shemeji alikuja, amebeba mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nilimsikia getini. "Nataka kumsalimia tu, mama." Na sauti ya binti yangu, shwari kabisa, sauti ya mtu anayekataa mzigo wenye kasoro: "Mjomba, rudi." Dirisha langu liko wazi. Ningetamka neno moja angepita.

Jumapili, 24 Mei

Alikuja. Akarudishwa.

Jumatano, 27 Mei

Maumivu yalirudi jana, na leo tulipigwa picha nyingine. Daktari kijana wa wodi aliigeuza skrini ili binti yangu asione, kisha akabadili mawazo akairudisha. Mshipa umekua sana ndani ya miezi hii mitatu. Mwezi wa kumi na moja haupo tena. Safari ya kwenda hospitali kubwa kwa barabara hii ya mashimo nayo ni hatari kuliko kukaa. "Mrudishe nyumbani," alisema. "Apumzike. Asishtuliwe."

Kwenye gari binti hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya taulo langu.

"Nilimwamini," alisema mwishoni. "Mama alikuwa akisema kaka yake ni mpiga kelele lakini hajawahi kuchelewesha treni. Nilimwamini kwa sababu ya mama."

Nilimshika mkono. Nilifungua mdomo. Nikamwambia afunge dirisha, baridi.

Jumamosi, 30 Mei

Nimelala chali na dari ni meza. Kuna doa la maji mahali ambapo kwenye meza kuna plasta. Nacheza michezo mizima. Nimekuwa mzuri sana, hakuna anayeniotea. Kila nafasi ninayoiona naiziba.

Mvua zimepungua. Shemeji alikuja, akarudishwa. Leo hakubisha. Alisimama tu ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka, akitazama dirisha langu. Niliinua mkono. Aliinua wake, akauzungusha hewani kama dereva anayempungia msimamizi wa stesheni kwamba njia ni salama.

Jumatatu, 1 Juni

Nimejaribu kumwambia. Alikuwa ananiosha miguu. Nilisema, "Kuhusu mjomba wako," naye akasema, "Tafadhali, Baba, usimtetee. Moyo wako ni mwema mno, ndiyo taabu yako." Aliendelea kuniosha, kidole kimoja kimoja.

Jumatano, 3 Juni

Kalamu nzito. Kesho.

Jumamosi, 6 Juni

Mkono umekataa kabisa. Anaandika binti yangu, mimi nasema. Nimemwomba aandike kila neno kama ninavyolitamka, asirekebishe, asisimame. Kurasa za nyuma atazisoma baadaye. Zimejaa ukweli isipokuwa siku moja, nayo ndiyo tunayoirekebisha sasa.

Andika, mwanangu: Ijumaa ile mjomba wako alifika saa mbili, ameshanyoa ndevu, amevaa koti lake la kazi. Alitaka twende hospitali moja kwa moja. Mimi ndiye niliyesema mchezo mmoja, wa mwisho kabla ya kisu. Alikataa mara mbili. Nilimwambia anamnyima mtu anayekwenda kufa. Hapo akakubali.

Andika. Meza haikuwa nzito. Jua lilikuwa limewaka tangu juzi yake na kitambaa kilikuwa kimekauka. Nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Saa nne ilikuwa haijafika, ya njano yote imekwisha kuingia, na mweusi uko shubiri moja kutoka kwenye tundu la dirishani, mweupe nyuma yake, mstari ulionyooka. Mjomba wako alikwenda kulichukua begi langu. Alisema, "Hongera, Mkaguzi. Maliza twende." Nikainama. Nikaugusa mweusi kwa ubavu, taratibu, nikaulaza ukingoni pasipoingilika.

Alidhani nimekosea. Alichukua fimbo, akaupiga mwekundu wake kwa makusudi ukausukuma mweusi tena mbele ya tundu, akaniwekea na mweupe mahali pazuri. Nikaulaza tena. Mwanangu, usisimame, andika. Alinitengenezea tena. Nami nikaulaza tena. Mama Meza aliacha kukausha glasi. Mara ya tano au ya sita mjomba wako aliweka fimbo chini akasema, "Shemeji, unafanya nini? Mtoto wa watu anatutegemea." Nikamwambia atulie, nafikiri. Alitaka kuusukuma mweusi kwa mkono wake mwenyewe, nikamshika kifua nikamwambia akiugusa nitakaa hapohapo nisitoke. Aliogopa nisijikaze. Alikaa kwenye benchi, begi langu mapajani, akalia bila sauti, mtu mzima na koti lake la kazi.

Ndiyo, andika na hilo.

Sikuwa na sababu yoyote kati ya zile nilizokupa. Nilikuwa naogopa kulazwa kwenye ile meza na kuzimwa kama taa. Niliogopa hivyo tangu mwezi wa pili, na niliona haya kuogopa, mimi niliyezoea kuwaambia watoto wa shule wasiogope. Basi.

Mjomba wako hakunichelewesha. Ukutani kwa Mama Meza kuna saa, na nilikuwa nimesimama nikiitazama. Nilingoja ipite saa sita. Ilipopita, niliinama, nikaupiga mweusi mkwaju mmoja, ukaingia.